Ziwa la Safu Arobaini

Jumatatu, 7 Oktoba

Chai ya tatu na bado si saa sita. Stima ilipotea saa nne, natumia betri. Ofisi yetu hapa Mamboleo iko juu ya duka la vipuri. Dirisha lina vyuma, mlango una vyuma, na bosi wangu Nekesa akitoka hufunga geti la ngazi kwa kufuli, ati wezi. Ufunguo wa pili ulipotea Juni. Kwa hiyo mimi hukaa ndani mpaka bosi arudi, kama kuku wa Krismasi.

Kazi ya wiki hii. Kamera yetu iko mlimani Riat, inapiga picha ya ghuba saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa mchana. Chini ya mlingoti kuna kisanduku, na ndani ya kisanduku kompyuta ndogo yenye kumbukumbu ya kubana sana. Programu yangu inaigawa picha kuwa jedwali: safu arobaini kutoka ufuoni kwenda ziwani, kila safu vyumba mia tatu. Penye gugu maji naandika moja, penye maji meupe sifuri. Ramani inakwenda kwa simu za wavuvi. Ndiyo hiyo tu. Mwaka mzima wa maisha yangu.

Leo Nekesa anataka programu iweze kutumika kwenye ghuba nyingine pia, za ukubwa wowote. Haki yake. Mimi nilikuwa nimeandika arobaini kwa mia tatu ndani ya programu yenyewe, yaani jedwali la kuzaliwa nalo. Sasa lazima niombe nafasi wakati programu inaendeshwa. Kwa lugha ya C hakuna anayekuombea. Unaenda mwenyewe kwa malloc, unasema nataka baiti kadhaa, unapewa anwani, na ukimaliza unarudisha.

Niliomba safu moja moja.

ziwa[i] = malloc(upana);

Mara arobaini ndani ya kitanzi. Rahisi, kila mtu hufanya hivyo. Ni kama mtu anayetaka vibanda arobaini soko la Kibuye, akaenda kuomba kimoja kimoja. Atavipata vyote, lakini hakuna aliyemwahidi kwamba vitagusana.

Odhiambo amepiga simu kuuliza kama ramani iko sawa. Bwanangu ndiye nahodha pekee katika ufuo wetu anayetoka nayo. Wenzake wanamcheka, wanasema anaendeshwa na bibi hata majini. Hajali. Najali mimi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemaliza. Imekubali mara ya kwanza. Nilibadilisha mistari sita, nikaituma programu kwenye kisanduku saa tano. Ramani ya saa tisa ilitoka. Nikateremka mpaka ufuoni kulinganisha: gugu la karibu na gati liko pale pale ramani iliposema. Safi.

Kuna vidoa viwili viwili ambavyo sikuvizoea. Vidogo. Nafikiri ni vipande vya gugu vilivyokatika. Au ndege.

Programu ya C isipoanguka, mtu hudhani ni nzima.

Jumatano, 9 Oktoba

Mzee Ogola alikuja ofisini. Ni mwenyekiti wa kamati ya ufuo, amevua miaka hamsini, na simu hushika kwa vidole viwili kama kitu kichafu. Alitaka nimwonyeshe ramani ya jana mchana na ya leo asubuhi. Akaziangalia kwa zamu. Halafu:

"Nyathina, mwanangu, hii upepo yako hailali?"

Nikamuuliza upepo gani.

"Angalia. Gugu yote imelala upande ya magharibi. Asubuhi imelala huko. Mchana imelala huko tu. Asubuhi upepo inatoka nchi kavu, inasukuma. Mchana inatoka nam, kwa ziwa, inarudisha. Gugu haiwezi lala upande moja kutwa. Hiyo ni ziwa gani?"

Nilikuwa na njaa, na Nekesa alikuwa ametoka akatufungia geti sote wawili. Nikamwambia Mzee, kamera haidanganyi, labda siku hizi upepo umebadilika. Nikasema hivyo kwa mtu aliyezaliwa ndani ya mtumbwi. Akacheka, akasema sawa, akasimama kungoja Nekesa aje amfungulie. Tukangoja pamoja dakika arobaini. Hakuuliza tena.

Alhamisi, 10 Oktoba

Odhiambo alitoka saa kumi na mbili na nusu na Okumu, kijana wake wa nyavu. Ramani ya asubuhi ilionyesha mlango upande wa magharibi, njia nyeupe imenyooka mpaka maji makuu. Alinionyesha kwa kidole kabla ya kutoka. Amefurahi. "Leo watanifuata," akasema.

Saa nane hajarudi. Saa kumi hajarudi.

Saa kumi na moja amepiga. Wamenaswa. Walipofika kati njia ikaisha, gugu likafunga nyuma yao pia. Injini imekula mizizi mpaka ikazima. Simu ina chaji kidogo, anaizima. Nisiwe na wasiwasi.

Ana maji chupa mbili na mkate nusu. Nilimfungia mimi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Saa mbili asubuhi. Mtumbwi mmoja ulikwenda alfajiri kwa njia ile ile ya ramani, ukakwama, ukarudi. Nimekuja kazini kwa sababu nyumbani siwezi kukaa. Nekesa amenipa pole, akaenda mjini, akafunga geti. Kwa mazoea tu. Sidhani hata alijua mkono wake umefanya nini.

Saa tano. Nimelipata.

Naandika yote kwa mpangilio. Nilijiambia nijaribu programu na ziwa tupu. Nikaipa picha nyeusi, hakuna gugu hata moja. Ramani ilipaswa kutoka nyeupe yote. Ikatoka na vidoa. Viwili viwili, vimejipanga mshazari kutoka kona ya juu, kila safu vimesogea vyumba vinne magharibi. Vinne, vinne, vinne. Ndege hawaruki hivyo.

Nikachapisha namba zenyewe. 49 na 1, kisha sifuri mbili. Mimi sijawahi kuandika 49 popote. Moja na sifuri tu ndizo namba zangu.

Ni malloc. Kila ukiiomba kipande, inajiandikia ukubwa wake mbele ya kipande hicho, baiti nne zile zile, kwa matumizi yake. Mia tatu zangu na nne zake. Ndani ya kumbukumbu safu zangu zilikuwa zimepangana, lakini kati ya moja na nyingine kuna pengo la baiti nne. Na mimi wakati wa kupeleka ramani niliacha mstari wa zamani, wa enzi za jedwali la kuzaliwa nalo, lililokuwa kipande kimoja. Nilibadilisha mwanzo wake tu. Unasema: anza safu ya kwanza, soma moja kwa moja mpaka baiti elfu kumi na mbili. Ikasoma. Ikapita juu ya mapengo ikidhani ni ziwa.

Safu ya kwanza ni sahihi. Ya pili imesogea vyumba vinne. Ya tatu vinane. Ndiyo maana ufuoni ilikubali. Ya thelathini imesogea vyumba mia moja na kumi na sita, mwendo wa saa nzima na zaidi. Mlango aliouendea Odhiambo uko mashariki kwake, mbali. Magharibi hapakuwa na mlango. Palikuwa na hesabu yangu.

Mzee Ogola aliliona kwa macho. Mimi nikamwambia upepo umebadilika.

Saa tano na nusu. Nimerekebisha: sasa inasoma safu moja moja. Ramani ya kweli ya asubuhi ninayo. Mlango upo. Nimempigia Nekesa mara nne, hapokei. Geti limefungwa. Nimeshika vyuma vya dirisha na kumwita mwenye duka la vipuri. Anasema hana ufunguo, mama, pole.

Saa sita na robo. Nekesa anakuja. Dakika arobaini na tano nimekaa hapa nikitunga la kusema.

Saa kumi na mbili jioni. Nilifika ufuoni kwa boda. Nikampa Mzee Ogola ramani mpya, nikamwambia piteni mashariki, hapa na hapa. Akaiangalia. Akauliza, "Na ya jana ilisema nini?"

Nikasema: "Labda Odhiambo aliisoma vibaya."

Ilitoka yenyewe. Hapana, haikutoka yenyewe. Nilikuwa nayo tayari tangu dirishani.

Mitumbwi miwili imekwenda. Wamewaona. Wanakata gugu kwa panga kuwafikia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Wamefika saa tatu asubuhi. Okumu alitembea mwenyewe. Odhiambo alibebwa hatua chache kwa sababu miguu ilikuwa imelala. Mikono imevimba na kupasuka kwa kuvuta mizizi. Nimeiosha kwa maji ya chumvi. Amekunywa uji vikombe vitatu.

Alipoamka mchana aliniambia hivi, naandika kama alivyosema: "Nifundishe tena kusoma hiyo ramani. Pole pole. Nafikiri nilishika simu vibaya."

Nikamfundisha. Nilikaa kitandani karibu naye nikamwonyesha mashariki na magharibi, mtu aliyejua mashariki kabla sijazaliwa. Alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Sijawahi kujichukia hivi.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani walituita mbele. Sala ya shukrani. Odhiambo akaomba kusema neno. Akasema Mungu ni mwema, na kwamba ramani ya mke wake ilikuwa sawa, kosa lilikuwa lake, na ni ramani hiyo hiyo iliyowaokoa. Watu wakapiga makofi. Wamama wakanishika mkono. Mmoja akaniambia nina kichwa.

Nilitaka sakafu ipasuke. Haikupasuka, ni simiti nzuri.

Tulipotoka, Okumu akaniambia kamati inakaa Jumanne saa tisa. Mtumbwi ni wa kikundi, na wengine wanasema nahodha asiyejua njia aondolewe. Odhiambo amekuwa nahodha miaka kumi na moja. Hajaniambia. Anakunja na kukunjua vidole tu, aone kama vinafunga.

Njia ya mwongo ni fupi, mama alikuwa akisema. Yangu imefika ukutani kwa siku mbili.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimemwambia Nekesa kila kitu. Nilidhani nitapumua.

Alisikiliza vizuri, simnyimi hilo. Halafu akafunga mlango na kuvuta kiti.

"Umeshairekebisha?"

"Ndiyo."

"Inafanya?"

"Ndiyo."

"Basi Atieno, hiyo imekwisha. Alhamisi wageni wanakuja kuiona. Watu wa bichi wakisikia mashine ilidanganya mara moja, hawatashika tena. Wewe unajua hawa watu. Odhiambo ni wako, mtaongea nyumbani."

Ana hoja. Hilo ndilo linaloniudhi. Ramani ya leo ni ya kweli, na wasipoiamini mwingine atanaswa. Nikisema, nawanyang'anya kitu kizuri. Nisiposema, Odhiambo anabeba. Nimezunguka ndani ya hilo kutwa nzima na kila mlango una kufuli.

Nilijishughulisha na programu. Sasa naomba mara moja tu.

ziwa = malloc(safu * upana);

Kipande kimoja, hakuna pengo katikati. Ukitaka chumba cha safu i, namba j, unahesabu mwenyewe: i mara upana, ongeza j. Jedwali ni la kichwani mwako. Kumbukumbu yenyewe haijui safu, inajua mstari mmoja mrefu. Ningefanya hivi Jumatatu iliyopita. Ni kazi ya dakika kumi.

Nekesa alipotoka saa nane akafunga geti. Nikampigia kabla hajafika barabarani, nikamwambia arudi afungue. Nilitumia sauti ambayo sijawahi kumtolea. Alirudi. Nimechukua ufunguo, nimechongesha mwingine kwa fundi wa chini, nimerudisha wa kwanza mezani kwake.

Jumanne, 15 Oktoba

Saa tano asubuhi. Saa tisa ni leo.

Saa kumi na moja jioni. Nilikwenda.

Walikuwa kama ishirini chini ya bati la kupimia samaki. Odhiambo amekaa nyuma na mikono yake iliyofungwa vitambaa. Aliponiona alishangaa. Mke haji kikao hicho kama hauzi wala havui. Mzee Ogola akaniuliza nina neno. Nikasema ninalo.

Nikasema kosa ni langu. Odhiambo alisoma sawa. Ramani ndiyo iliyokuwa mbovu, tangu Jumanne hadi Ijumaa, na mimi ndiye niliyeiharibu. Mmoja akauliza, itakuwaje kamera ione vibaya? Nikasema kamera iliona vizuri. Nikaanza kueleza kumbukumbu na nikaona nyuso zinafungwa moja baada ya nyingine.

Basi nikawaonyesha nje. Wamama walikuwa wameanika omena, dagaa wetu, kwenye nyavu ndefu mchangani, moja baada ya nyingine, na kati ya wavu na wavu nafasi ya kupitisha mguu. Nikasema: tuseme kila wavu una hatua mia tatu. Nimekutuma kwenye hatua ya kumi ya wavu wa thelathini. Wewe unahesabu moja kwa moja tangu mwanzo, hukatizi, na ile nafasi ya mguu nayo unaihesabu kuwa omena. Wavu wa kwanza uko sawa. Wa pili umekosea kidogo. Wa thelathini utafika wapi?

Mama mmoja aliyekuwa akigeuza omena akajibu kabla yao. "Utakuwa bado kwa wavu ya nyuma."

"Hivyo ndivyo nilivyompeleka bwanangu," nikasema.

Halafu Mzee Ogola akauliza lile nililokuwa nikiliogopa. Hakupandisha sauti.

"Ijumaa ulipokuja hapa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukasema yeye ndiye amesoma mbaya."

"Nilisema."

"Na mimi nilikuambia mambo ya upepo."

"Uliniambia, Mzee. Sikusikia."

Asiyesikia la mkuu. Hakumalizia methali, hakuhitaji. Akageukia wenzake, wakasema kwa Kijaluo kwa haraka. Odhiambo anabaki nahodha. Ramani, hapana. Kila mtu aliyekuwa nayo akaifuta hapo hapo mbele yangu. Simu saba. Sikujua zilikuwa zimefika saba.

Odhiambo aliondoka kabla ya sala ya kufunga. Hakuniangalia.

Jumatano, 16 Oktoba

Nekesa anajua. Ameahirisha wageni. Hajanifukuza. Hajanisalimu pia.

Nyumbani, swali moja tu. Odhiambo alikuwa akifungua vitambaa.

"Kanisani ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Akafunga vitambaa tena.

Ijumaa, 18 Oktoba

Siku mbili za uji na kimya. Odhiambo ni mkimya hata akifurahi, lakini huu ni mwingine. Anapita karibu nami kama mtu anayepita karibu na sufuria ya moto. Ningependa apige kelele. Ningependa avunje kikombe, kile cha bluu hata sikipendi.

Kisanduku bado kinafanya kazi. Ramani mbili kila siku, hakuna anayezipokea. Ya asubuhi gugu limelala upande huu, ya mchana limerudi upande ule. Linahema. Mzee angefurahi kuiona. Siwezi kumpelekea.

Leo nimechapisha ya asubuhi kwenye karatasi, na mistari ya safu na vyumba vyote. Nikaiacha mezani chini ya thamosi. Sikusema kitu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Alitoka alfajiri, mara ya kwanza tangu siku ile. Vidole vinafunga sasa. Okumu alikuja kumchukua. Karatasi ilibaki chini ya thamosi, haikuguswa. Nilitarajia hivyo. Nikaiondoa ya jana, nikaweka ya leo niliyokwenda kuichapisha ofisini, kwa mazoea tu.

Nilifua. Nilikwenda Otonglo kununua mboga. Nilikuwa nikiangalia ziwa kati ya kila kazi na kazi.

Alirudi saa saba na mbuta wawili wakubwa. Akanawa, akala, akaketi mezani. Mimi nilikuwa jikoni. Nikasikia anavuta droo na kutafuta kitu. Baadaye akaenda kulala, maana mvuvi hulala mchana.

Karatasi iko mezani. Ameitoa chini ya thamosi. Amechora kwa kalamu ya mtoto wa jirani, ile nyekundu, mahali alipokutana na gugu leo. Maduara matatu na mstari mmoja mrefu wa njia aliyopita. Mstari unatetemeka, mikono haijapona. Hajaandika neno.

Nimekaa nikahesabu. Duara la kwanza, safu ya tisa. La pili, safu ya kumi na nane. La tatu ni mbali kabisa, safu ya thelathini na moja. Nimehesabu vyumba mara mbili, kwa kidole, kutoka ukingoni.

Yote matatu yameangukia juu ya gugu la ramani yangu.

Anakoroma. Nimefunga dirisha la upande wa jua. Karatasi nimeiacha hapo hapo, na kalamu juu yake.